Usinunue Twiga: Mwongozo wa Kuchagua Vitabu vya Hesabu vya Kusomeshea Nyumbani

Ukiingia duka la vitabu kutafuta kitabu cha hesabu cha mtoto wa miaka sita, wa kwanza kukulaki ni twiga. Yuko kwenye jalada, amevaa miwani, ameikumbatia namba 5, meno yote nje. Kando yake yupo tembo mwenye begi la shule, na sungura anayeruka juu ya alama ya kujumlisha. Mtoto anakidandia kitabu, mzazi anatabasamu, pesa inatoka. Wiki ya tatu kitabu kiko chini ya kochi. Mtoto anasema hesabu ni ngumu, mzazi anasema mtoto ni mvivu, na twiga bado anacheka.

Mwongozo huu ni wa kumwokoa mzazi na twiga huyo. Nawaandikia walioamua kusomesha watoto wadogo nyumbani, na pia wale ambao watoto wao wanakwenda shule lakini jioni somo la hesabu linarudi nao mezani. Mimi nimewasomesha wawili wangu nyumbani, hapa Tanga. Wifi yangu aliyeko Houston anawasomesha watatu wake. Vitabu vimesafiri kati yetu ndani ya masanduku ya wageni, katikati ya kanga na dawa za meno, na tumebishana juu yake hadi usiku wa manane. Neno langu ni moja nami nitalirudia mpaka likere: kitabu cha mtoto kichague mwisho, anza na kiongozi cha mwalimu. Kitabu cha mtoto kinamfundisha mtoto ukurasa mmoja. Kiongozi kizuri kinakufundisha wewe, na wewe ndiye utakayekaa naye mezani kesho na mwakani.

Mfukuze twiga kwanza

Lifunike jalada kwa kiganja. Kisha fungua kitabu katikati na usome ukurasa mmoja jinsi mtu anavyosoma hati ya shamba. Jiulize picha zipi zinafanya kazi. Picha ya maembe manane, matatu yakiwa yameng'atwa, inafanya kazi: mtoto anaiona nane toa tatu kabla hujafungua mdomo. Tembo anayepiga gitaa pembeni mwa swali lile lile hana kazi hapo. Anakula wino, na anakula macho ya mtoto. Mtoto wa miaka sita ana macho mawili tu, na tembo akishika gitaa, yote mawili yanahamia kwa tembo.

Halafu tazama vichwa vya kurasa. Kama juu pameandikwa "Kujumlisha" na maswali yote ishirini ni ya kujumlisha, mtoto ameshapewa nusu ya jibu. Binti yangu alijaza kitabu kizima cha namna hiyo, alama za vema kila mahali, nikampikia maandazi ya kumpongeza. Kesho yake nikamwambia: tulikuwa na maandazi tisa, tumekula manne, yamebaki mangapi? Akaniangalia vizuri, akauliza, "Mama, hii ni ya kujumlisha au ya kutoa?" Niliumia sana. Kwa miezi minne kitabu kilikuwa kimemfundisha kusoma kichwa cha ukurasa. Tangu siku ile, kabla sijanunua kitabu chochote cha mazoezi natafuta kurasa zenye mchanganyiko: swali la kutoa likae jirani na la kujumlisha, na la tatu liwe hadithi ambayo mtoto lazima aamue mwenyewe. Nikizikosa, narudisha kitabu kwenye rafu.

Mtihani wa hamsini na mbili

Sasa shika kiongozi cha mwalimu. Wengine hukiita mwongozo wa mwalimu. Wazazi wengi hukiita kitabu cha majibu, na wanakosea hapo hapo, mlangoni. Mtu mzima hahitaji kununua kitabu ili ajue kwamba saba na sita ni kumi na tatu. Anahitaji mtu wa kumnong'oneza kwa nini mtoto ameandika kumi na mbili, na afanye nini sasa hivi, kabla machozi hayajaanza.

Tafuta somo la 52 toa 25, au namba zozote za aina hiyo. Kila mtaala wa madarasa ya chini unalo. Watoto wengi wataandika 33, na si kwa uzembe. Kwenye safu ya mamoja mtoto anaona 2 toa 5, anajua haiwezekani, anageuza: 5 toa 2, tatu. Kwenye makumi, 5 toa 2, tatu. Thelathini na tatu, kwa bidii na kwa adabu zote. Kiongozi kizuri kimeshamwona mtoto huyu kabla hajazaliwa. Kitakuambia: ataandika 33, mpe mafungu matano ya vijiti kumi kumi na vijiti viwili vya pembeni, mwombe akupe vijiti ishirini na tano, mwache akwame, mngoje, mpaka akate mwenyewe mpira wa fungu moja. Mkono wake ukishakata mpira ule, somo limeingia. Kuandika kwenye daftari kutafuata.

Kiongozi kibaya kitasema: "Mwongoze mwanafunzi kutoa kwa kukopa. Jibu: 27." Umwongoze vipi? Na amekopa kwa nani? Mtoto wa mwenye duka anajua vizuri kabisa kukopa ni nini: jina linaingia kwenye daftari la baba na mwisho wa mwezi mtu analipa. Anamaliza hesabu yake, anangoja kuona ile kumi inarudishwa lini kwa mwenyewe. Hakuna aliyekopa hapo. Fungu la kumi limefunguliwa likawa mamoja kumi, na thamani yote imebaki ndani ya nyumba ile ile. Kiongozi kinachosema "kufungua kumi" kimemfikiria mtoto. Kinachosema "kopa" na kunyamaza kimemfikiria mpiga chapa.

Msidhani ninatia chumvi ninapokitukuza kiongozi. Mwaka 1999 Liping Ma, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini China kabla ya kwenda kusoma Marekani, alichapisha kitabu kuhusu walimu 23 wa Marekani na 72 wa China. Miongoni mwa maswali yake, aliwapa moja na robo tatu wagawe kwa nusu, kisha akawaomba watunge hadithi inayolingana na hesabu hiyo. Wachina wote 72 walipata jibu. Kwa Wamarekani walijaribu 21, wakafikia jibu sahihi na kamili 9, na aliyetunga hadithi yenye maana sahihi alikuwa mmoja. Hadithi yenyewe muuza duka wa Ngamiani, hapa Tanga, anaiishi kila asubuhi: ana sukari kilo moja na robo tatu, anaipakia kwenye mifuko ya nusu kilo, anapata mifuko mitatu na nusu.

Wachina wale walikuwa wamekaa darasani miaka michache kuliko wenzao wa Marekani. Walichokuwa nacho, anaeleza Ma, ni desturi ya kukaa na kitabu cha kiada na kiongozi cha mwalimu, kuvisoma kwa kina na kubishana juu yake na walimu wenzao: kwa nini namba hizi na si zile, kwa nini somo hili limetangulia lile, watoto watakwama wapi. Walijifunza hesabu wakati wa kuifundisha. Mzazi mwenzangu uliyeacha hesabu kidato cha pili ukaapa hutarudi, habari hii ni yako. Mlango haujafungwa. Ila ukinunua kitabu cha mtoto peke yake, umenunua mlango bila funguo.

Wachumba watano

Mitaala ya kusomeshea nyumbani inayozungumzwa sana inatoka Marekani, au imepitia huko, kwa sababu huko kusomesha nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50 na soko ni kubwa. Nitawaleta wachumba watano mbele yenu, kila mmoja na sifa zake na madoa yake, nanyi mwamue.

Wa kwanza ni Saxon. Mwanzilishi wake, John Saxon, alikuwa afisa mstaafu wa jeshi la anga aliyefundisha aljebra huko Oklahoma, na mtaala una nidhamu ya kambi: jambo jipya kidogo kila siku, na marudio ya zamani kila siku bila kuchoka. Kiongozi cha madarasa ya chini kimeandikwa neno kwa neno, utakachosema na utakachoshika. Mzazi anayeogopa hesabu anapumua. Lakini mtoto wako hajausoma mwongozo huo. Kitabu kinamngoja aseme "pembetatu", yeye anasema amemwona mjusi. Fuata maneno ya kitabu mwezi mmoja mpaka yakukae kooni, kisha baki na mpangilio wake na useme kwa ulimi wako.

Wa pili ni Singapore, na huyu nitakaa naye kidogo kwa sababu ndiye niliyemwoa. Vitabu vya Primary Mathematics vilianza mwaka 1982, kazi ya serikali ya Singapore kwa shule zake. Somo linapita vituo vitatu: kwanza mtoto anashika, kisha anachora au anatazama picha, mwisho anaandika kwa namba. Mzizi wa fikra hiyo ni Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani. Singapore ilipoongoza hisabati kwenye mtihani wa kimataifa wa TIMSS mwaka 1995, wazazi wa Marekani wakavikimbilia vitabu vile. Kitabu cha mtoto ni chembamba, safi, hakina tembo wa gitaa. Wembamba huo ndio mtego. Mzazi anaona kurasa chache, ananunua kitabu cha mtoto na cha mazoezi, anaacha kiongozi ili aokoe hela. Kumbe kituo cha kwanza, kile cha kushika, kiko ndani ya kiongozi. Wifi yangu alifanya hivyo mwaka wake wa kwanza. Watoto wake walianzia kwenye picha, hawakushika kitu, na kufika Desemba walikuwa wanakisia majibu kwa kutazama michoro. Alipopata kiongozi cha wazazi wa nyumbani cha mtaala huo alirudia vitabu vile vile kutoka mwanzo, na safari hii vilifundisha.

Math-U-See ya Steve Demme inakwenda kinyume cha Saxon. Inakaa na jambo moja hadi liive: ngazi ya Alpha ni kujumlisha na kutoa namba ndogo, Gamma ni kuzidisha, Delta kugawanya, Epsilon sehemu. Ina vipande vya plastiki vya rangi na video ambayo mzazi anaitazama kwanza, usiku, mtoto akiwa amelala. Huo ni uungwana mkubwa kwa mzazi. Miquon ni kazi ya Lore Rasmussen, aliyefundisha katika shule ndogo ya Pennsylvania; vitabu vyake vinasimama juu ya vijiti vya rangi vya Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji aliyevitangaza kwa kitabu mwaka 1952. Kurasa za mtoto zina maneno machache mno, kwa hiyo bila maelezo ya mwalimu utaona miraba tu na utamlaumu mama wa watu bure. Na Math Mammoth ya Maria Miller, mzaliwa wa Finland, inauzwa kama faili. Unachapa mwenyewe steshenari, hakuna meli, hakuna ushuru. Maelezo yamo ndani ya kurasa za mtoto. Yanamtosha mzazi mwenye uhakika wa hesabu zake, hayamtoshi anayetetemeka.

Hukumu yangu: mwenye hofu ya hesabu achukue Singapore pamoja na kiongozi chake, asome somo usiku mmoja kabla. Mwenye hela kidogo na ujasiri wa kutosha, Math Mammoth. Na ukishaoa, tulia. Anayehama kila baada ya miezi sita ndiye anayemtoboa mtoto mashimo. Singapore inagusa kuzidisha mapema, katika kitabu chake cha 1B. Math-U-See inaingoja Gamma. Mtoto anayetolewa huku akatupwa kule anaweza kukosa somo lile lile kwa wote wawili, kila mtaala ukiamini kwamba mwenzake ameshalifundisha. Kosa halionekani hadi siku ya sehemu, naye sasa ana miaka kumi.

Sanduku la plastiki na trei ya mayai

Kila mtaala unauza sanduku la vifaa. Dubu wa plastiki mia moja, vikombe, mizani midogo, abakasi. Kabla hujalipia, nenda jikoni.

Chukua trei ya mayai ya karatasi, ile ya mayai 30. Ina mashimo matano upande mmoja na sita upande mwingine. Ikate mara mbili upate vipande vitatu, kila kimoja cha mashimo kumi, safu mbili za tano. Hicho ni kifaa cha darasani chenye heshima duniani kote, na umekipata kwa bei ya chai ya asubuhi. Weka vizibo vya soda vinane kwenye kipande cha kwanza na vitano kwenye cha pili. Muulize mtoto nane na tano ni ngapi. Ataona mashimo mawili matupu yanamwita, atahamisha vizibo viwili, kipande cha kwanza kitajaa, cha pili kitabaki na vitatu. Kumi na tatu. Hakuhesabu kidole kwa kidole. Kujaza kumi ndiyo nguzo ya hesabu zote za miaka miwili ya kwanza, na kiongozi kisichokuwa na somo hilo usikinunue hata ukipewa na twiga wa zawadi.

Bao nalo liko pale barazani kwa babu: mashimo 32, kete 64. Kete zile zinagawanyika kwa mbili, kwa nne, kwa nane, na mtoto anayejifunza kuzipanda shimo kwa shimo anahesabu mbele huku akikadiria ataishia wapi. Seremala wa mtaani anaweza kukukatia vijiti vya Cuisenaire kwa mabaki ya mbao: upana sentimita moja, urefu kuanzia sentimita moja hadi kumi, kila urefu na rangi yake. Sokoni kuna mafungu ya nyanya: mafungu matatu ya nyanya nne nne ni tatu mara nne, na neno "mara" mtoto anakutana nalo akiwa ameshika nyanya mkononi. Vifaa tunavyo. Kinachopungua ni maelekezo ya kuvitumia, nayo yamo kwenye kiongozi. Dubu mia bila kiongozi ni wanasesere.

Kumi na moja tulipewa bure

Hapa naomba wazazi walioko ughaibuni wanisikilize zaidi. Mtoto anayejifunza kuhesabu kwa Kiingereza anapofika kumi na moja anakutana na neno ambalo halina kumi ndani yake wala moja. Kumi na tatu kwao inatamka tatu kwanza, ndiyo maana watoto huandika 31. Mtaala wa RightStart wa Joan Cotter umeweka masomo maalumu ya kuwafundisha watoto majina mengine ya namba, kwa kufuata lugha za Asia ya Mashariki, ili waseme kumi-moja, kumi-mbili, na hivyo wazione kumi ndani ya namba. Ni kazi njema na ninaiheshimu. Lakini kuna mzazi Mswahili Houston aliyeilipia huku akimkataza mwanawe Kiswahili mezani, asije akachanganyikiwa. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu! Mtoto ameambiwa wazi na bibi yake, tangu yuko mgongoni, kwamba hapo kuna kumi na kingine. Mzazi wa namna hiyo anamwaga maji ya mtungini halafu anaagiza ya chupa.

Hatuna kila kitu, nisije nikadanganya. Makumi yetu kuanzia ishirini yametoka Kiarabu, na baadhi yamejificha. Sitini inaonyesha sita, sabini inaonyesha saba, tisini inaonyesha tisa. Lakini ishirini haionyeshi mbili, thelathini haionyeshi tatu, arobaini haionyeshi nne, hamsini haionyeshi tano, wala themanini haionyeshi nane. Matano kati ya manane yamevaa barakoa. Dawa yake nyepesi: kwa miezi michache sema yote mawili, "makumi matatu na nne, yaani thelathini na nne". Mtoto wangu wa pili alianza hivyo, na siku tulipofika 52 toa 25 aliniambia mwenyewe kwamba atafungua kumi moja kati ya makumi matano. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Kufikiri alikuwa anafikiri kwa Kiswahili.

Kwa hiyo unapochagua, usiogope kitabu cha lugha nyingine, ila fundisha kwa lugha ambayo mtoto anaombea maji. Kiongozi unasoma wewe. Mtoto anasikia unachosema.

Kuna sura moja ya vitabu vya nje ambayo nakushauri uiruke na uifundishe mwenyewe, nayo ni saa. Kitabu kinachora mshale mfupi kwenye 7 na kusema ni saa saba asubuhi. Mtoto wako anatazama ukutani, mshale uko kwenye 7, na nyumba nzima inasema saa moja, chai tayari. Kwa mtoto wa miaka sita hilo ni fumbo zito, na kitabu hakijui kama lipo. Mfundishe kwanza saa ya nyumbani: mshale unaelekeza huku, sisi tunasoma namba ya upande wa pili, ng'ambo ya duara. Akifika miaka minane mwambie kwamba tofauti ni sita daima, na umpe mazoezi ya kuongeza na kupunguza sita. Atapata saa mbili kwa bei ya moja. Sarafu za Marekani ziruke vilevile ukiwa huku, na inchi pia. Chukua noti na sarafu za mfukoni, chukua futi kamba ya fundi cherehani, na somo liende.

Kabla hujafungua pochi

Sheria nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa inategemea unaishi wapi. Texas haimtaki mzazi ajiandikishe. New York inataka mpango wa mwaka kwa maandishi na taarifa kila robo mwaka, na vitabu unavyochagua vinaingia kwenye mpango huo. Ujerumani hairuhusu kabisa. Aliyeko Tanzania au Kenya amwone ofisa elimu wa eneo lake kabla ya kumtoa mtoto shuleni, na apate jibu lake kwa maandishi.

Na kabla ya kuagiza ng'ambo, tazama vilivyoko nyumbani. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ina maktaba ya mtandaoni ambako vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo, na Hisabati ya shule za msingi za serikali iko kwa Kiswahili. Huko Kenya, taasisi ya mitaala, KICD, hutoa orodha ya vitabu ilivyoviidhinisha, ile ambayo walimu huiita Orange Book, na miongozo ya mtaala. Hata ukiamua kufuata Singapore, kaa na vitabu vya nyumbani pembeni, ili ujue watoto wenzake wa shule ya jirani wamefika wapi. Iko siku atarudi darasani, na siku hiyo mwalimu hatamuuliza kuhusu Singapore.

Mtihani wa 52 toa 25 ufanye kwa vitabu vyote, vya ndani na vya nje, bila upendeleo. Nimeufanya kwenye viongozi vingi. Vingine vinamtaja mtoto wa 33 kwa upole na kukuonyesha pa kumshika mkono. Vingine vina kurasa mia mbili na havijawahi kukutana na mtoto hata mmoja.

Nina ombi kwa TET, kwa KICD na kwa wachapishaji wote wanaochapa kwa Kiswahili. Tuandikieni kiongozi cha mzazi. Si cha mwalimu mwenye watoto sitini na ubao, bali cha mama au baba mwenye mtoto mmoja na meza ya kulia. Kianze na kumi na moja. Kimtaje mtoto wa 33. Kitumie trei ya mayai na kete za bao, na saa kiifundishe jinsi tunavyoitaja. Kiwe cha bei ambayo muuza maandazi anaimudu. Kikitoka nitanunua viwili, kimoja changu na kimoja cha wifi yangu, hata kikiwa na jalada jeupe lisilo na mnyama yeyote.